Sifuri Iliyonidanganya: Upepo wa Jua na Sumaku za Mwezi

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi ilinibana, na muda mchache uliobaki niliumalizia kwenye kiprogramu ambacho hakuna mtu aliyeniagiza. Nilitaka kuona kwenye skrini jinsi chembe zinazotoka kwenye Jua zinavyougonga Mwezi. Nikachora duara katikati, nikarusha vidoti elfu kumi kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kidoti kilichogusa duara kikafutwa. Nyuma ya duara ukabaki mfereji mweusi usio na kidoti hata kimoja. Nilifurahi sana. Juu kabisa ya faili niliandika mstari huu:

sumaku_ya_mwezi = 0

Sikuufikiria mara mbili. Tangu shule ya upili nilijua kwamba Mwezi, tofauti na Dunia, hauna uga wa sumaku, na kwamba ukienda nao dira huko haitakuonyesha kaskazini. Basi sifuri ni sifuri.

Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa akichungulia nyuma yangu, akauliza kuhusu picha ya Mwezi niliyoiweka kwenye skrini ya tarakilishi yangu. "Na hiki kilichomwagika hapa ni nini?" Alikuwa amenyosha kidole upande wa kushoto wa picha, kwenye doa jeupe lililojipinda kama maziwa yaliyomiminwa kwenye chai ya rangi kabla ya kukorogwa. Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta niligundua kwamba doa lile na mstari wangu wa sifuri ni kesi moja, na kwamba kesi yenyewe imewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka hamsini. Leo nawasimulia.

Upepo gani huo?

Tuanze na upepo wenyewe. Upepo wa jua hauna hewa ndani yake. Ni mkondo wa protoni na elektroni, pamoja na heliamu kidogo, unaotoka kwenye Jua usiku na mchana. Kasi yake ya kawaida ni kama kilomita 400 kwa sekunde. Ukipanda upepo huo Nairobi, sekunde moja na ushei uko Mombasa. Hata hivyo, kutoka kwenye Jua hadi huku kwetu huchukua takribani siku nne. Tena ni mwembamba ajabu: katika nafasi yenye ukubwa wa dadu ya ludo utakuta protoni kama tano tu.

Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alitazama mikia ya nyota za mkia, akaona kwamba mwanga wa Jua peke yake hauwezi kuisukuma namna ile. Lazima kuna chembe zinazotoka kwenye Jua. Mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker akaandika hesabu iliyoonyesha kwamba tabaka la nje la Jua haliwezi kutulia, litavuma tu. Wataalamu wawili walioombwa kuikagua makala yake waliikataa. Mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakukubaliana na wazo hilo, lakini hakuona kosa kwenye hesabu, akaichapisha. Vyombo vya Luna vya Wasovieti vilianza kuzinasa chembe hizo mwaka 1959, na mwaka 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kikasafiri miezi kadhaa kikipulizwa na upepo huo bila kukoma. Ubishi ukaisha.

Sifuri inazaliwa

Septemba 1959 Luna 2 iliugonga Mwezi, ikawa chombo cha kwanza cha binadamu kuufikia. Ilikuwa na kifaa cha kupima sumaku. Mpaka dakika za mwisho haikuona uga wowote wa Mwezi.

Kisha Julai 1967 Marekani ikarusha Explorer 35, satelaiti iliyozunguka Mwezi kwa miaka kadhaa. Dunia ina ngao kubwa ya sumaku, na upepo wa jua unapoikaribia hupunguzwa kasi na kugeuzwa njia mbele yake, kama maji yanavyojikunja mbele ya mashua. Explorer 35 haikuona kitu kama hicho mbele ya Mwezi. Upepo ulikuwa ukifika mpaka kwenye vumbi na kuishia hapo, na nyuma ya Mwezi ukabaki mkia mtupu. Yaani ile picha iliyotoka kwenye kiprogramu changu, bila tofauti.

Kwa hiyo mwaka 1969 wanaanga walipokwenda, walijua upepo utawafikia. Apollo 11 walisimamisha karatasi ya alumini ya Johannes Geiss wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Waliitundika hata kabla ya kusimamisha bendera yao. Karatasi ilipigwa na upepo wa jua kwa dakika 77, ikakunjwa, ikarudishwa Duniani, na ndani yake zikapatikana atomi zilizotoka kwenye Jua lenyewe. Mwezi ukawa kama ukuta usiojitetea.

Namba zilizokataa kulingana

Novemba mwaka huohuo Apollo 12 waliacha kifaa cha kupima sumaku juu ya Bahari ya Dhoruba, lile bonde kubwa jeusi ambalo Kilatini huliita Oceanus Procellarum. Kifaa kilitakiwa kupima mabadiliko madogo yanayoletwa na upepo wa jua. Kikaonyesha pia nanotesla 38 ambazo hazikuondoka. Ni kidogo, uga wa Dunia huwa kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 hivi kutegemea mahali ulipo. Lakini uga ambao upepo wa jua wenyewe husafiri nao ni nanotesla tano tu au karibu na hapo. Hizi 38 zilikuwa zinatoka chini, kwenye miamba.

Februari 1971 Apollo 14 walibeba kipimo cha mkononi. Mahali pa kwanza kikasoma nanotesla 103. Walipotembea kilomita moja na kidogo, kikasoma 43. Apollo 15, mwaka huohuo, hawakupata hata kumi. Aprili 1972 Apollo 16 wakapata zaidi ya 300 karibu na shimo liitwalo North Ray.

Kama wewe ni mtu wa programu, hebu zitazame namba hizo: 38, 103, 43, karibu na sifuri, zaidi ya 300. Mwezi ungekuwa na sumaku moja kubwa kama Dunia, vipimo viwili vilivyotengana kwa umbali wa kutembea kwa miguu visingepishana hivyo. Kilichokuwepo ni vipande. Siku hizi tunajua kwamba Mwezi wa kale, wakati kiini chake cha chuma kingali kikichemka, uliwahi kuwa na uga wake mwenyewe, na kwamba miamba ya kale bado imehifadhi kumbukumbu ya uga huo. Uga mkuu ulizimika zamani sana. Mabaki yake yamelala huku na huku kwenye ganda la Mwezi, kila kipande na mwelekeo wake. Ukitazama kutoka mbali vinafutana, na jumla inakaribia sifuri.

Nimewahi kuumwa na kosa la aina hii kazini. Mfumo wetu mmoja ulikuwa na wastani mzuri sana wa kasi, na grafu zote zilikuwa za kijani. Watu wa tawi moja walikuwa wakilalamika miezi mitatu kwamba ukurasa hauwafungukii, nasi tukawajibu kwa kuwaonyesha wastani. Walikuwa na haki. Tawi lao lilikuwa dogo mno kuweza kuusogeza wastani wetu.

Na Explorer 35 yenyewe? Mwaka 1971 Mihalov na wenzake walirudia data zake wakaona kwamba kwenye kingo za ule mkia mtupu, uga wa sumaku wakati mwingine uliruka juu ghafla, na miruko hiyo ilitokea pale sehemu fulani za Mwezi zilipokuwa ukingoni. Kitu fulani juu ya Mwezi kilikuwa kinausukuma upepo pembeni. Mwaka 1972 Palmer Dyal na wenzake wakaonyesha kwa vifaa vya Apollo 12 kwamba shinikizo la upepo wa jua lilipopanda, uga wa pale chini ulibanwa ukaongezeka nguvu. Upepo na miamba vilikuwa vinasukumana. Ishara zilikuwemo kwenye data tangu zamani.

Doa la maziwa

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wangu. Doa lile linaitwa Reiner Gamma. Lina urefu wa kama kilomita 70, na liko upande wa magharibi wa Bahari ya Dhoruba. Wanajimu waliliona mapema sana. Katika ramani ya mwaka 1651 Giovanni Riccioli alilipa jina la Galileo, jina ambalo baadaye lilihamishiwa shimo dogo la jirani. Kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni shimo au kilima kinachong'aa. Picha za karibu za miaka ya 1960 zikaonyesha kwamba hapana kilima wala bonde. Ni rangi tupu, imetandazwa juu ya ardhi kana kwamba ilichorwa kwa brashi.

Apollo 15 na Apollo 16 kila moja iliacha satelaiti ndogo ikizunguka Mwezi. Ile ya Apollo 16 ilikuwa na bahati mbaya: mvuto wa Mwezi hauko sawa kila mahali, ukaivuta chini kidogo kidogo, na baada ya siku 34 ikagonga ardhi. Lakini kwa kuwa ilikuwa ikishuka, ilipima sumaku kutoka karibu kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka 1979 Lon Hood na wenzake walipochambua vipimo hivyo vya chini, walikuta kwamba moja ya sumaku kali kuliko zote za upande unaotutazama ilikuwa juu ya Reiner Gamma.

Mwaka 1980 yakatolewa maelezo mawili. Hood na Gerald Schubert walisema hivi: udongo wa Mwezi huwa mweusi kadiri unavyopigwa na upepo wa jua. Mahali penye sumaku kali upepo unakingwa, kwa hiyo udongo wake unabaki mweupe kama ngozi iliyofunikwa na saa kwenye mkono wa mtu anayeshinda juani. Peter Schultz na Leonard Srnka wakasema la, doa ni alama ya kichwa cha nyota ya mkia iliyogonga pale hivi karibuni, ikauparua udongo na kuacha sumaku nyuma yake. Yote mawili yalieleza rangi na sumaku kwa pamoja. Hakukuwa na chombo huko cha kuamua kati yao, na kwa karibu miaka kumi na minane kesi ikalala.

Kutuma ping Mwezini

Januari 1998 NASA ilirusha Lunar Prospector, chombo kidogo cha gharama nafuu. Kilikuwa na mbinu ambayo timu ya Berkeley, kina Kinsey Anderson na Robert Lin, waliigundua kwenye data za zile satelaiti ndogo za Apollo. Elektroni hushuka kuelekea Mwezini zikijizungusha kwenye uga wa sumaku. Uga unapobana karibu na ardhi, nyingine hugeuzwa zikarudi juu. Ukihesabu ngapi zimerudi, na kwa pembe gani, unajua sumaku iliyo chini ina nguvu kiasi gani. Ni kama kutuma ping na kusubiri jibu, ila ping inatumwa na Jua.

Mwaka huohuo wa 1998 Lin na wenzake wakatangaza kwamba kwenye upande wa Mwezi ulio kinyume kabisa na bonde la Imbrium, sumaku za ardhini zilikuwa zikiukinga upepo wa jua na kutengeneza mwavuli mdogo wenye upana wa kama kilomita 100. Dunia ina mwavuli wake mkubwa. Mwezi ukaonekana una vijiavuli hapa na pale.

Baada ya hapo zikaja nchi nyingine. Kaguya ya Japani, iliyorushwa mwaka 2007, ilizinasa protoni zikidunda: juu ya ardhi ya kawaida ni chini ya protoni moja kwa kila mia, lakini juu ya sehemu zenye sumaku zaidi ya kumi kwa mia. Chandrayaan-1 ya India, ya mwaka 2008, ilibeba kifaa kilichopiga "picha" kwa kutumia atomi za hidrojeni zinazoruka kutoka ardhini baada ya kupigwa na upepo. Mwaka 2010 Martin Wieser na wenzake wakatoa picha ya eneo la karibu na shimo la Gerasimovich: atomi zilipungua katikati, na pembeni pakawa na duara lililozidisha. Upepo uliozuiwa katikati ulikuwa unamwagika kandokando, sawasawa na maji ya mvua yanavyochuruzika kwenye kingo za mwavuli.

Bodaboda na lori

Hapa kukabaki fumbo. Sumaku hizi ni dhaifu na ndogo. Ukikokotoa, protoni ya upepo wa jua kwenye uga wa nanotesla 300 inahitaji kama kilomita 14 ili ipige kona. Vipande vingi vya sumaku havina nafasi hiyo. Protoni ingepaswa kupenya tu.

Jibu liko kwa elektroni. Fikiria bodaboda na lori la mizigo wakiingia kwenye kona kali wakiwa na kasi moja. Protoni ina uzito wa mara 1,836 wa elektroni. Bodaboda anakata kona ndani ya mita chache; lori linapitiliza. Lakini hawa wawili wamefungwa kamba, kwa sababu chaji hasi na chaji chanya huvutana. Lori linapopitiliza kamba inakaza, yaani unazaliwa uga wa umeme kati yao, na huo ndio unaoipunguza kasi protoni na hata kuirudisha ilikotoka. Sumaku inashika elektroni, umeme unashika protoni. Mwaka 2012 Ruth Bamford na wenzake walilionyesha jambo hili maabara nchini Uingereza, katika Rutherford Appleton Laboratory, kwa kurusha mkondo wa plazma kwenye sumaku.

Upande wa tarakilishi, hapa ndipo kiprogramu changu kiliponitia aibu. Ukitaka kila chembe iisikie kila chembe, chembe milioni moja ni jozi bilioni 500 kwa kila hatua. Mbinu inayotumika ni kuzigawa chembe kwenye vyumba vya gridi, unahesabu uga kwenye gridi, kisha unaurudisha kwa chembe. Hata hivyo ni kazi ya tarakilishi kubwa, kwa sababu hatua za muda lazima ziwe fupi za kumtosha bodaboda huku safari iwe ndefu ya kumtosha lori. Mwaka 2018 Jan Deca na wenzake walitumia mbinu hiyo kwa sumaku za Reiner Gamma kama zilivyopimwa kutoka angani. Ramani ya mahali ambapo upepo ungefika na mahali ambapo usingefika ilifanana na doa: weupe pale upepo ulipozuiwa, weusi pale ulipopenya.

Je, kesi imefungwa? Wazo la Hood na Schubert limepata nguvu, lakini kuna wanaosema vumbi laini nalo husogezwa na umeme uleule, na suala la nyota ya mkia halijafutwa moja kwa moja. Mwaka 2021 NASA iliuchagua mradi wa Lunar Vertex ili vipimo vifanyike palepale ardhini Reiner Gamma.

Kwa nini tujali?

Kwanza, wanasayansi hukadiria umri wa ardhi ya Mwezi kwa kutazama imekuwa nyeusi kiasi gani. Kama sumaku inaweza kuifanya ardhi ya kale ionekane changa, saa hiyo inadanganya mahali fulani, na ni lazima tujue ni wapi. Pili, protoni za upepo huungana na oksijeni iliyo kwenye miamba na kutengeneza chembechembe za jamii ya maji, na uchunguzi wa data za Chandrayaan-1 ulionyesha kwamba madoa haya meupe yana upungufu wake. Mwavuli unazuia pia kile ambacho watu wanataka kwenda kukichimba. Tatu, asidanganywe mtu kwamba kambi ikijengwa chini ya mwavuli huo itakuwa salama: unazuia upepo wa kawaida, lakini miale mikali ya milipuko ya Jua na ile ya kutoka anga za mbali hupita kana kwamba hakuna kitu.

Nimeubadilisha ule mstari. Sasa programu inasoma jedwali lenye thamani kwa kila kipande cha ardhi, na vidoti vimeanza kukwepa mahali fulani. Inakwenda polepole kama kobe, lakini inakwenda.

Ukitaka kuliona doa mwenyewe, tafuta darubini ndogo siku mbili hivi kabla ya Mwezi mpevu. Tafuta shimo linalong'aa la Copernicus, kisha Kepler, halafu endelea kwenye mstari uleule kwa umbali kama huo. Usiku wa Mwezi mpevu wenyewe kuna jambo moja zaidi la kukumbuka: siku hizo chache Mwezi huwa ndani ya mkia wa ngao ya sumaku ya Dunia yetu, na upepo wa jua karibu haufiki huko kabisa. Mwavuli unaoukinga wakati huo ni wetu.

Maswali na masahihisho, niandikieni. Mdogo wangu tayari ana swali jingine, na hilo pia sina jibu lake.